Sigara kwenye njia ya shule: maswali ya wasomaji na majibu yetu

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinazunguka jambo moja: kwa nini vijana wa mitaa fulani wanakutana na sigara kila hatua, na wa mitaa mingine karibu hawazioni. Tumechagua sita.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni. Dada yangu yuko Nyali, ng'ambo tu ya hapa. Watoto wake hawajui hata sigara inauzwaje. Wangu wa gredi ya sita anataja majina ya sigara na bei ya moja moja bila kukosea. Nimekosea wapi katika malezi? – Mama, Kisauni, Mombasa

Mama, usijibebeshe lawama hiyo. Mwanao anajua bei ya sigara kwa sababu ileile inayomfanya ajue bei ya mahamri: anazipita kila siku, asubuhi na jioni, kwa miguu. Mtoto anayechukuliwa na basi la shule mlangoni na kurudishwa mlangoni hapiti mbele ya meza yoyote. Wote wawili wanaweza kuwa na wazazi wenye msimamo mmoja nyumbani, na bado mmoja akaona sigara mara mia kwa wiki na mwenzake mara mbili.

Tofauti hii imepimwa. Huko Scotland watafiti waliwapa watoto wa miaka 10 na 11, karibu 700, vifaa vidogo vya GPS vinavyorekodi mahali wanapopita, kisha wakalinganisha nyayo zao na daftari la serikali la maduka yaliyosajiliwa kuuza tumbaku. Matokeo yalitoka 2019. Kwa wastani mtoto mmoja alikutana na duka la tumbaku kama mara 43 kwa wiki. Lakini wastani huo unaficha mambo: watoto wa maeneo maskini zaidi walikutana nayo mara 149, wa maeneo yenye nafuu zaidi mara 23. Mikutano hiyo iliongezeka zaidi muda mfupi kabla ya shule na baada yake, na mingi ilikuwa kwenye maduka madogo ya mtaani. Na hiyo ni nchi ambayo maduka makubwa yalilazimishwa kuficha sigara mwaka 2013 na madogo mwaka 2015. Huku kwetu sigara bado iko juu ya meza.

Ili uone anachokiona mwanao, nenda kwenye kibanda chochote kisha uchuchumae hadi kimo chake. Mbele kuna mtungi wa peremende, chingamu, biskuti ndogo. Katikati yake kuna pakiti ya sigara iliyokwisha kufunguliwa, kifuniko kimekunjwa nyuma, sigara tatu nne zimechomolewa nusu ili zionekane. Pembeni, kibiriti cha gesi kimefungwa kwa kamba ya nailoni kwenye nondo ya dirisha kisiibwe. Mteja anatoa sarafu, anachomoa moja, anawasha papo hapo, anaondoka. Mtoto aliyekuja kununua peremende ameshuhudia jambo zima, kuanzia sarafu hadi moshi, akiwa amesimama hatua moja tu kutoka hapo. Hakuna bango la barabarani linaloweza kufundisha kwa ukamilifu huo.

Hiyo sarafu moja ndiyo kiini cha yote. Pakiti nzima iko mbali na mfuko wa mwanafunzi. Sigara moja haiko mbali. Ndiyo maana Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004, unazitaka nchi zijitahidi kupiga marufuku uuzaji wa moja moja. Sheria ya Kenya ya 2007 ilikwisha kuukataza, na pia inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Kule ambako watu wananunua kwa siku, chumvi ya kupima, mafuta ya kupima, sukari ya kupima, sigara nayo imefuata mkondo huohuo. Umaskini haumfanyi mtu apende sigara zaidi. Unaifanya sigara ikatwe vipande vinavyolingana na mfuko wa mtoto.

Na kuishi karibu na maduka hayo hakukosi athari. Utafiti mwingine wa Scotland, wa 2016, ulikuta kwamba vijana ambao nyumba zao zimezungukwa na maduka mengi zaidi ya tumbaku walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wamewahi kuvuta, na wa kuwa wanavuta sasa, kuliko wale wa maeneo yenye maduka machache zaidi. Tofauti hiyo ilionekana kwa maduka ya karibu na nyumbani. Tutarudi kwenye nukta hii tukimjibu ndugu wa Temeke.

Kwa sasa, Mama, fanya mambo mawili. Tembea naye njia nzima siku moja, hesabuni meza za sigara pamoja, kisha angalieni kama kuna kichochoro kingine chenye meza chache. Kama hakina mitaro iliyo wazi wala barabara ya magari ya kasi, kifanyeni ndiyo njia yenu. La pili, chagua duka moja ambalo haliuzi sigara, mtume huko tu, na mwambie mwenye duka waziwazi kwamba ndiyo sababu mnanunua kwake. Muuza duka husikia lugha ya mteja haraka kuliko ya mabango.

Shule yetu iko Mathare. Tumelalamika kuhusu meza za sigara mpaka tumechoka; kila mara tunaambiwa tulete takwimu. Walimu wanne tuko tayari kuhesabu. Tuanzie wapi, na tutajuaje kwamba hesabu yetu ni ya kuaminika? – Mwalimu, Nairobi

Mwalimu, kosa la kwanza ambalo wengi hulifanya ni kuchora duara la mita 500 kuizunguka shule na kuhesabu vyote vilivyomo. Duara halitembei. Mtoto ndiye anayetembea. Anzeni na njia.

Wapeni wanafunzi kama 30 wa madarasa tofauti karatasi tupu, wachore njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni. Wasiandike majina. Waweke alama wanazozijua wenyewe: bomba la maji, kanisa, msikiti, kinyozi, daraja. Zikusanyeni, njia zinazotumiwa na watoto watatu au zaidi ndizo za kuhesabiwa. Kwa kawaida michoro 30 huishia kwenye njia tano hadi nane. Pimeni urefu wa kila moja kwa simu au kwa hatua.

Watu wazima wawili kwa kila njia: mmoja anaangalia kushoto, mwingine kulia. Wanafunzi wasihusishwe na kuhesabu, na kamwe msimtume mtoto akajaribu kununua ili kumnasa muuzaji. Hilo linamweka mtoto hatarini na linawaharibia ushahidi wote.

Kwa kila mahali panapouzwa sigara, andikeni aina yake: duka la ukuta, kibanda, meza, mchuuzi wa kutembea, kilabu cha pombe, kituo cha muguka (yale majani ya kutafuna). Kisha andikeni kama sigara inaonekana kutoka njiani bila kuingia. Kama kuna pakiti iliyofunguliwa. Kama iko chini ya mita moja kutoka ardhini, yaani usawa wa macho ya mtoto. Kama kuna peremende ndani ya sentimita 30, ambao ni urefu wa rula ya darasani. Kama kuna kibiriti cha kuning'inia. Kama kuna rangi, stika ya bei, mwavuli au kisanduku chenye alama ya sigara. Na kama kuna tangazo la kukataza kuwauzia walio chini ya miaka 18. Ongezeni nafasi ya ugoro, vifuko vya nikotini na sigara za kielektroniki. Maswali yasizidi hayo. Fomu yenye maswali 25 hujazwa vizuri kwenye meza kumi za kwanza tu, zilizobaki hujazwa kwa kukisia.

Saa ni muhimu kuliko mnavyodhani. Hesabuni mara tatu: asubuhi kati ya saa 12 na saa 1 na nusu, jioni kati ya saa 9 na nusu na saa 11, na Jumamosi moja mchana. Meza nyingi hutandikwa alasiri tu, na mkihesabu saa 4 asubuhi mkiwa na kipindi huru mtapata nusu ya mambo, tena nusu ile isiyokutana na watoto.

Mambo yanayoharibu hesabu ni haya. Muuzaji akiona ubao wa kuandikia na vesti ya kuakisi mwanga anadhani ni askari wa kaunti, pakiti inaingia chini ya kanga kabla hamjafika. Vaeni nguo za kawaida, andikeni kwenye simu, na mkiulizwa mseme ukweli wenu kwa heshima. Mpelekeeni chifu na wazee wa mtaa taarifa mapema, lakini msiwatajie siku. GPS ya simu hukosea mita tano hadi kumi pakiwa wazi. Katikati ya maghorofa yaliyobanana na vichochoro vya mabati huruka hadi kichochoro cha pili, kwa hiyo andikeni pia alama ya karibu. Wachuuzi wa kutembea huhesabiwa mara mbili: mwandikeni pale mlipomwona kwanza, na saa. Picha zipigwe za meza, si za sura za watu.

Ili kupima uaminifu, jozi ya pili irudie njia moja kati ya kila tano, siku hiyohiyo, bila kuona karatasi ya kwanza. Wakitofautiana kwenye zaidi ya sehemu moja kati ya kumi, kaeni pamoja, mtafute mlipoelewa fomu tofauti, mrudie. Mara nyingi ugomvi huwa kwenye neno "inaonekana". Kubalianeni mapema: kilichoonekana na mtu aliyesimama njiani ndicho kinachoandikwa, kilichofichwa hakiandikwi hata kama mnajua kipo.

Sasa hesabu yenyewe. Kwa kila njia, chukueni idadi ya mahali panapoonekana, zidisheni kwa safari za wiki. Njia yenye meza 14, mtoto akienda na kurudi siku tano, ni mikutano 140. Akirudi nyumbani kula mchana ni 280. Msitoe wastani wa njia zote, kwa sababu njia moja ndefu inapandisha kila kitu na mtu atawapinga kwa hilo. Zipangeni kuanzia ndogo hadi kubwa, mchukue ya katikati, kisha mtaje pia ya chini kabisa na ya juu kabisa.

Mkitaka kulinganisha na mtaa wenye nafuu, tumieni fomu ileile, saa zilezile na wiki ileile. Na hapa kuna mtego mkubwa ambao hata wataalamu hunaswa nao: msigawanye idadi ya maduka kwa idadi ya wakazi na kuishia hapo. Chukueni mfano wa kilomita ya mraba yenye watu 20,000 na maduka 40, na nyingine yenye watu 2,000 na maduka manne. Zote zina maduka mawili kwa kila wakazi 1,000, na ofisa atawaambia hakuna tofauti. Lakini mtoto wa kwanza amezungukwa na maduka mara kumi zaidi katika eneo lilelile la ardhi. Tajeni idadi kwa kilomita ya njia. Hiyo ndiyo inayosema ukweli wa mitaa iliyobanana.

Ripoti iwe kurasa mbili: ramani moja, jedwali moja, na ombi moja linalotekelezeka, kwa mfano bwana afya wa kaunti apite saa 9 na nusu alasiri kwenye njia mbili zilizo mbaya zaidi. Majina ya wauzaji yasiwemo. Ukimtaja mama mmoja mwenye meza, mtaa mzima utaona shule imekuja kuwanyang'anya watu riziki, na msaada wote utakatika.

Niko kwenye kamati ya maendeleo ya kata, Temeke. Tunafikiria kupendekeza kwa halmashauri sheria ndogo ya kuweka umbali kati ya shule na sehemu za kuuza sigara. Wengine wanataka mita 100, wengine 200. Ipi sahihi? – Mjumbe, Dar es Salaam

Ndugu mjumbe, nchi zimechagua tofauti. India inakataza uuzaji ndani ya yadi 100, yaani kama mita 91. Indonesia mwaka 2024 iliweka mita 200. Kwa hesabu ya ardhi, duara la mita 100 lina hekta 3 hivi na la mita 200 linazidi hekta 12, kwa hiyo mkiongeza umbali mara mbili eneo linakuwa mara nne. Mkilazimika kuchagua kati ya hizo mbili, chagueni 200, na mpime kutoka kwenye uzio wa shule. Umbali ukipimwa kutoka langoni, meza zitahamia nyuma ya ukuta, kwenye kale kadirisha ambako watoto huchomoa mkono.

Lakini tusikufiche: umbali peke yake unawasaidia zaidi watoto wa shule zenye eneo kubwa na ukimya kuzunguka. Tulimweleza Mama wa Kisauni kwamba maduka ya karibu na nyumbani ndiyo yaliyoonekana kuwa na uzito. Mtoto wa Mbagala, humo humo Temeke, akishatoka kwenye duara la shule ameingia kwenye mtaa wake, na huko sheria yenu haifiki. Kwenye mitaa yenye nafasi, duara linafunika safari nzima. Kwenye mitaa iliyobanana linafunika mwanzo tu. Sheria iliyokusudiwa kuwalinda wote inaishia kuwalinda zaidi wale waliokwisha kulindwa na ukuta wa nyumba na basi la shule.

Kinachogusa mzizi ni leseni ya tumbaku inayosimama peke yake, mbali na leseni ya kawaida ya biashara, yenye kikomo cha idadi kwa eneo. San Francisco ilifanya hivyo: kila moja ya wilaya zake 11 ilipewa kikomo cha vibali 45. Wilaya zilizokuwa na zaidi hazikufungiwa mtu. Vibali vipya vilisimama, na duka likifungwa kibali chake hakirithiwi ovyo. Idadi inashuka polepole, na inashuka zaidi pale palipokuwa pamejaa, ambapo ndipo wenye kipato kidogo wanaishi. Philadelphia iliweka duka moja kwa kila watu 1,000 katika kila eneo la mipango. Hapo utauona ule mtego tuliomweleza Mwalimu: kwenye mtaa wenye watu wengi kikomo cha namna hiyo kinaruhusu maduka mengi. Sisi tungependekeza kikomo kwa kilomita ya mraba au kwa mtaa.

Hungary ilikwenda kwa kishindo mwaka 2013, ikaondoa sigara kwenye maduka ya kawaida na kuacha maduka maalumu kama 7,000 kutoka zaidi ya 40,000. Hapa kwetu, ambako mwenye meza hana leseni yoyote, kuanza kwa kishindo kutazaa mgambo wanaomwaga bidhaa za akina mama. Anzeni na usajili wa bure kwa miezi sita. Huwezi kupunguza usichokihesabu, na Scotland isingeweza kupima chochote kama isingekuwa na lile daftari.

Rasimu yenu ijengwe juu ya Sheria ya mwaka 2003 inayodhibiti bidhaa za tumbaku, ambayo tayari inakataza kumuuzia mtoto wa chini ya miaka 18. Kumbukeni kwamba sheria hiyo ilitungwa kabla Tanzania haijauridhia Mkataba wa kimataifa mwaka 2007, kwa hiyo mwanasheria wa halmashauri asome vyote viwili. Asome hasa Ibara ya 13 na ya 16 za Mkataba.

Nina kibanda Nakuru. Sigara za moja moja ndizo zinazonilipia kodi ya kibanda. Pia kuna mtu amekuja akisema watanipakia rangi bure na kunipa kisanduku kizuri cha kuwekea sigara. Nikatae? Na nikiacha moja moja, nile nini? – Mwenye kibanda

Ndugu yetu, rangi ikataeni. Mkataba unaeleza tangazo kuwa ni mawasiliano au kitendo chochote cha kibiashara chenye lengo, matokeo au uwezekano wa kukuza tumbaku, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Kibanda kilichopakwa rangi za pakiti fulani ni tangazo hata kisipoandikwa neno, na Kenya imepiga marufuku matangazo ya tumbaku. Atakayesimama mbele ya hakimu ni wewe uliye kibandani. Aliyeleta brashi atakuwa ameshaondoka. Kisanduku nacho kina kazi: kimetengenezwa kisimame mbele, kiwe na mwanga, kivute macho. Zawadi hiyo unailipia kwa nafasi yako bora kuliko zote, pale mkono wa mteja unapofika kwanza.

Kuhusu mapato, piga hesabu kwa karatasi. Tuseme pakiti ya sigara 20 unaichukua kwa shilingi 340 na kuuza kila moja 20. Unapata 400, faida ni 60. Toa mbili zilizoloa au kuvunjika, faida imebaki 20. Toa moja ya mkopo isiyolipwa, imeisha. Tumia bei zako halisi kwa wiki mbili, uandike kila pakiti inapofunguliwa na inapokwisha, pamoja na zilizoharibika na za deni. Huenda sigara zinakuletea watu zaidi kuliko zinavyokuletea faida. Kama ni hivyo, unachohitaji ni kitu kingine kinachowaleta watu asubuhi na jioni: salio la simu, mayai ya kuchemsha, chai ya chupa, maji baridi, kuchaji simu.

Wengi huacha kwa siku moja, wateja wanahamia kibanda cha jirani, wiki ya pili wanarudia. Ongea na majirani wa kichochoro chako muanze tarehe moja. Hata kabla ya hapo kuna mambo unayoweza kufanya leo bila kupoteza senti: ondoa pakiti iliyo wazi mbele, uiweke nyuma yako juu ya kichwa; sogeza peremende upande mwingine kabisa; kata ile kamba ya kibiriti; bandika tangazo la miaka 18; na ukimtilia shaka kijana muulize kitambulisho. Anayesema ametumwa na baba yake naye hauziwi. Neno "nimetumwa" halibadilishi umri.

Sisi huku Kilimani hatuna vibanda vya namna hiyo. Hii habari ya sigara na vijana si ya watu wa chini? – Mzazi, Nairobi

Hapana, ndugu. Vijana wenu hawapiti meza, lakini wana pesa ya kununua kwa simu na kuletewa na bodaboda. Kinachowafikia ni sigara za kielektroniki zenye ladha ya matunda na vifuko vya nikotini kwenye vikopo vya duara vinavyofanana kabisa na vya peremende za minti. Kifuko huwekwa kati ya mdomo na fizi, hakina moshi wala harufu, kwa hiyo pua ya mzazi haisaidii. Mwaka 2020 Waziri wa Afya wa Kenya alisema usajili wa vifuko hivyo kama dawa haukuwa halali, kwamba vilipaswa kufuata sheria ya tumbaku. Angalia mifuko ya begi, uulize, na uangalie miamala ya simu. Tofauti kati ya mwanao na yule wa Mathare ni kwamba wako akinaswa ana daktari, ana mshauri, ana shule itakayompa nafasi ya pili. Ndiyo maana kurasa nyingi tumempa mwenzake.

Nina miaka 15, naishi Malindi. Baba hunituma sigara kila jioni, na wakati mwingine huniambia nikamwashie jikoni kwa kaa la moto. Sitaki, lakini kumkatalia mzazi ni utovu wa adabu. Nifanyeje? – Kijana

Mwanetu, kuuliza swali hili tayari ni adabu, na hutalazimika kumkatalia baba usoni.

Sheria inamkataza muuzaji kukuuzia, hata ukiwa umetumwa. Kwa hiyo nenda kwa mwenye duka wakati hana wateja, umwombe hivi: "Shikamoo mzee, nina miaka kumi na mitano. Naomba nikija kununua sigara unikatalie." Wengi watakubali, kwani wengi wao ni wazazi. Ukirudi mikono mitupu, mwambie baba ukweli wenyewe: "Baba, mwenye duka amekataa kunipa, anasema sheria hairuhusu mtu wa umri wangu." Hujadanganya, na hujamvunjia heshima.

La kuwasha ni zito zaidi, kwa sababu sigara haishiki moto vizuri kwenye kaa mpaka mtu aivute. Ikifika kila jioni, ni mara saba kwa wiki, na nikotini ndiyo inayomfanya mtu aihitaji tena. Hili usilibebe peke yako. Mwambie mama, au mjomba, au shangazi ambaye baba humsikiliza, na umweleze sehemu hiyo hasa, kwamba unaivuta ili iwake. Wazee wengi wanaotuma watoto hawajawahi kulifikiria hilo. Wao wanaona wametumia kijiti cha kiberiti kirefu tu. Kwa sasa, akikutuma jikoni, mpelekee kiberiti na sahani ya majivu, umpe kwa mikono miwili, uondoke usikae kwenye moshi.

Na kama umeshaanza kuitamani hiyo sigara ya jioni, tuandikie tena au mwone muuguzi wa zahanati iliyo karibu nawe. Mwambie ni mara ngapi kwa siku na kwa muda gani. Hayo mawili ndiyo atakayohitaji kwanza.